Chisense Juu ya Baraza la Bweni

Mwaka wangu wa kwanza chuoni nilikaribia kupoteza kitanda kwa sababu ya samaki wadogo kuliko kidole changu. Ni chisense, wanaovuliwa katika Ziwa Mweru na kuanikwa kwenye mchanga wa Kashikishi, ambako mama yangu anawauza. Alinitumia fuko zima kwa basi. Nilipompigia kumwambia kwamba mvua imelilowesha njiani, alisema, "Mutoto, anika sasa hivi. Itaoza."

Kwa jambo hilo mtu wa ziwani haulizi mara mbili, hata mimi ninayeuliza kila kitu. Nilitandika shuka langu juu ya paa la zege la baraza, nikamwaga samaki, nikaenda darasani. Sikujali kwamba hapo juu palikuwa na kamba, na kwenye kamba nguo nyeupe za kwaya za mwenzangu wa chumba, binti wa mchungaji kutoka Ndola. Jumapili alipoimba, safu yake nzima ilisogea pembeni.

Jumatatu tuliitwa na msimamizi wa bweni, mama mwenye miwani na daftari nene. Vitanda vilikuwa haba. Ukitolewa chumbani, unarudi kwenu. Kwa hiyo nilikuwa nimesoma kanuni zote.

"Mama, ni kanuni ipi inakataza samaki kwenye paa?"

"Hakuna," akasema. "Hakuna mtu aliyefikiria kwamba ingehitajika."

"Umesikia?" nikamwambia mwenzangu.

"Mimi sikulalamikia samaki," akasema. "Nguo nitafua. Tangu tufike unakula umenipa mgongo, unatazama dirisha. Sasa nanuka samaki ambao sijawahi hata kuonja."

Kwetu ukikuta watu wanakula, unanawa mikono na kukaa, na asiyekaribisha wenzake husemwa hadi vijiji vya mbali kama Mununga. Lakini nilikuwa nimejiamulia kwamba watu wa mjini wanadharau harufu yetu. Mimi niliyewadai ushahidi wahadhiri na wachungaji, kwa hili sikuwa nimemuuliza mtu yeyote.

"Nisamehe, dada. Leo tule pamoja."

Msimamizi alifunga daftari. "Abaki na kitanda chake. Samaki waanikwe nyuma ya jiko. Na ugali ukiiva, mniite."

Tulimwita. Tulikuwa tumepika chisense kwa nyanya na vitunguu vingi, tukakaa watatu sakafuni kuzunguka sahani moja. Mwenzangu alitafuna, akasimama kutafuna, akatafuna tena.

"Mbona kuna mchanga?"

"Huo ni ushahidi kwamba wametoka Kashikishi kweli," nikasema.

"Ni ushahidi kwamba hukuwaosha."

Msimamizi alicheka hadi akavua miwani. Nilimsogezea mwenzangu sahani, naye akamega tonge kubwa kuliko la kwanza.