Kwetu Langoni Hatupigi Honi

Kwetu Mbale, honi langoni ni ya wageni. Marehemu baba alikuwa na gari la Kiingereza, na mama alilijua kwa mngurumo tangu likiwa barabarani. Likifika, lango liko wazi. Ukipiga honi umejitangaza mwenyewe kuwa si mtu wa nyumba ile.

Baba alipofariki nikabaki nalo mimi huku Jinja, ingawa mwenye gari ni mama. Halafu mdogo wangu akafungua duka la magari mapya. Jina lile lile la Kiingereza, nembo ile ile puani, ila siku hizi kampuni ni ya Wachina, ndio waliolifufua jina. Magari mazuri, sitasema uongo. Yanatumia umeme, yanapita kimya kabisa.

Akanijia na maneno matamu. Anataka gari la baba likae mbele ya duka lake, wateja waone asili. "Ila injini tutaitoa, Dada. Inavuja oili, itachafua vigae."

"Thubutu!" nikamwambia. "Umtoe baba matumbo kwa sababu ya vigae?"

"Limeshakufa hilo. Halifiki hata Bugembe. Nitamwomba mama, yeye ndiye mwenyewe."

"Basi twende wote. Wewe na lako, mimi na langu."

Jumamosi tukatoka. Kabla ya kuondoka akanionyesha kamba ya kunivutia nikikwama, anacheka. Nikaipita Bugembe, nikaipita Iganga, yeye na gari lake la umeme nyuma yangu tu. Nilikuwa nimekasirika, sikumtazama hata kwenye kioo. Tulipofika Busiu injini ikachemka, nikaegesha, nikaomba maji kwa mama mmoja muuza ndizi. Askari wa barabarani akasogea.

"Mama, hii gari bado natembea?"

"Afande, imetoka Jinja."

Askari akapiga mluzi wa mshangao. Mdogo wangu akashusha kioo, akainua kamba yake juu. Nikafunga boneti kwa kishindo. Sivutwi, ng'o!

Kwenye kona ya kwetu nikakanyaga mafuta, likanguruma kwa hasira zangu zote. Lango likafunguka. Mama alikuwa amesimama pale, leso begani, anacheka huku machozi yanamtoka. Tangu mazishi hakuwa amelisikia. Nikaingia, naye akafunga lango nyuma yangu, maana hakusikia kitu kingine.

Huko nje honi ikalia. Ikalia tena.

"Kumbe umekuja na mgeni?" mama akauliza.

"Mwanao huyo, Mama. Anataka uruhusu injini hii itolewe, gari likae dukani kwake kama pambo."

Mama akaweka kiganja juu ya boneti, ikamuunguza, akakitoa, akakirudisha.

"Mwambie aingie kwa miguu, chakula kipo. Injini haitoki." Kisha akaniona nashika ufunguo. "Na wewe, usiizime kwanza."