Mashini Niliyoipima kwa Mizani ya Misumari

Mwaka 1974, nikiwa na miaka tisa, taabu iliingia kwetu bila kubisha hodi. Baba alianguka mgonjwa, karo haikulipwa, na mwalimu akanionyesha mlango katikati ya somo la hesabu. Nilikuwa mwaka wa tatu wa shule ya msingi. Siku hiyo tulikuwa tumeanza kugawanya. Ndiyo sababu mpaka leo kujumlisha najua, kuzidisha najua sana, lakini mambo ya kugawanya msiniulize.

Nikashuka kwenye majengo yaliyokuwa yakijengwa mtaani Kadutu, nikaokota misumari iliyopinda, nikainyoosha kwa jiwe juu ya jiwe, nikaiuza kwa kilo. Kutoka misumari iliyopinda nikafika misumari mipya, kutoka hapo mabati, kufuli, rangi, na antivol, yaani zile nondo za dirishani zinazomfanya mwizi arudi kwao. Siwaambii haya ili mnilie. Nawaambia ili mjue mtu anayewapa habari za laptop ni mtu wa namna gani. Nimenunua na kuuza maisha yangu yote, na sheria yangu ni moja: kitu kizuri ni kizito. Bati jepesi huondoka na mvua ya kwanza. Kufuli jepesi hufunguliwa na mtoto kwa kijiko. Hata mwanaume mwepesi, mkimpa binti, mtarudishiwa binti pamoja na masufuria.

Sasa, mwanangu wa mwisho, msichana, alifaulu mtihani wa serikali. Tulimmwagia poda kichwani kama desturi, mpaka akafanana na mtu aliyeangukia gunia la unga. Akasema anataka kusomea kuchora nyumba. Nikafurahi. Baba anauza misumari, binti anachora mahali pa kuipigilia. Biashara inabaki nyumbani. Lakini walimu wa chuo alichopokelewa walikuwa na neno lao: kila mwanafunzi aje na mashini yake, inayofungua programu yao ya kuchorea. Siku ya kufungua chumba cha kuchora, asiye na mashini inayofanya kazi, nafasi yake inapewa mwingine, naye anangoja mwaka mzima. Mwaka mzima! Binti mwenye akili ile, akae jikoni kuchambua maharagwe yasiyomwuliza swali lolote.

Akanifuata dukani.

“Papa, niko na lazima ya laptop.”

“Utapata.”

“Njo nilikuwa nataka nikuambie, ile yenye...”

“Nimesema utapata. Mugonjwa hachaguake sindano.”

Akageuka akaondoka. Watu wamekuja kusema baadaye kwamba hapo ndipo nilipoharibu. Mimi sikuharibu kitu. Mtoto alitaka mashini, mimi nikasema atapata mashini. Kama ukoo wangu wote ungekuwa unajibu watoto hivyo, hakungekuwa na kelele nyumbani.

Jumapili nikauliza mezani, ili wasiseme baba hasikilizi. Mwanangu wa kwanza anafanya kazi kwenye shirika moja kule Muhumba, anavaa badji, ile kadi ya kazi, shingoni hata akija kula. Yeye akatoa mashini yake ya rangi ya fedha, nyembamba kama sahani, na nyuma yake tunda linalong'aa. Majina ya makampuni siyaandiki, hawajanilipa.

“Papa, hii njo mwisho ya maneno,” akasema. “Haichokake. Wazungu wote ku kazi beko nayo.”

Nikaigeuza. Nikaitazama. “Hili tunda limeumwa.”

“Njo alama yao, papa.”

“Mimi sinunuake kitu chenye mutu ameanza kula. Na habari ya tunda lenye kuumwa tuliisoma mu Mwanzo. Tuliona kwenye ilifika.”

Mkwe wangu, aliyemwoa binti yangu mkubwa, akacheka mpaka wali ukamwingia puani. Yeye ni mwalimu, mtu mpole, lakini ana dini mbili: ya kanisani, na ya mashini yenye alama ya ndege. Ndege mwenyewe mnene, amevaa kama mhudumu wa hoteli, na haruki.

“Papa, hii ya ndege haina mwenye,” akasema. “Batu ya dunia nzima baliijenga pamoja. Iko bure.”

“Bure?”

“Bure kabisa, papa.”

“Mukwe, ungekuja kwangu kuuliza binti na useme mahari ni bure, ningekupa kiti?”

Nikauliza basi ile nyingine, ile ya madirisha, ambayo naiona kwenye kila ofisi wanaponizungusha. Hapo wale wawili, ambao tangu asubuhi walikuwa hawapatani hata juu ya chumvi, wakawa kitu kimoja. Wakasema madirisha yanaingiza virusi. Kila flash inayotoka kwa wapiga fotokopi inaleta ugonjwa.

“Ni kawaida,” nikasema. “Madirisha mingi bila antivol, mutategemea nini?”

“Papa, kuko antivirus.”

“Njo nimesema.”

Binti yangu alikuwa anatoa sahani. Akasimama na sahani mkononi, akafungua mdomo. Kaka yake akamwambia alete maji. Akaenda kuleta maji.

Jumatatu nikachukua mizani yangu ya kuning'iniza, ile ya kulabu ninayopimia misumari, nikaenda kwenye duka la mashini, mjini chini. Muuzaji alikuwa kijana mwenye tai shingoni, aliyejipaka manukato ya kutosha watu wanne. Nikamwambia anitolee zote. Nikagonga mifuniko kwa kidole kama ninavyogonga mbao za tripleksi. Nikanusa. Kisha nikafunga ya kwanza kwa kamba na kuitundika kwenye kulabu.

“Papa!” akasema. “Haiko nyama!”

“Ingekuwa nyama ungenipa na mufupa. Kaa kimya nisome.”

“Lakini papa, batu hapa banatafutaka ile nyepesi.”

“Banatafuta nyepesi kwa sababu njo ulizo nazo mingi. Na mimi niko na mabati yenye imebaki, najua ile wimbo.”

Wateja wawili wakaacha kuchagua simu, wakaja kutazama. Mmoja akaanza kunisaidia kushika kamba. Tulipima duka zima. Na chini kabisa, nyuma ya katoni, ikatoka mashini moja nyeusi, pana, nene kama Biblia ya mimbarani. Nilipoitundika, kulabu ikalia. Moyo wangu ukatulia. Nikasema, hii.

“Papa, hii iko ya zamani. Na haina kitu ndani, iko tupu.”

“Nyumba pia inauzwaka tupu. Funga.”

Nikapanda nayo pikipiki, nimeikumbatia kama mgonjwa wa kupelekwa hospitali. Mkwe alipoiona akafurahi kupita kiasi, akasema kwa kuwa ni tupu ataiingizia ndege wake. Akaingiza. Ndege akatokea kwenye kioo, akatutazama. Binti akaketi, akachukua ile programu ya walimu, akajaribu kuiweka. Ikakataa. Akajaribu kwa mlango mwingine, mkwe akamwelekeza, ikakataa tena, na mashini ikaanza kupuliza upepo wa moto kama mama anayewasha makaa.

Binti akaifunga polepole.

“Aksanti papa,” akasema.

Akaenda kuosha vyombo. Nimeishi na wanawake muda mrefu wa kutosha kujua vyombo vinavyooshwa na vyombo vinavyoadhibiwa. Chumba cha kuchora kilikuwa kinafunguliwa wiki ile ile.

Asubuhi nikarudi dukani na mzigo wangu. Kijana wa tai alinyoosha kidole tu kwenye ukuta, ambapo palibandikwa karatasi: bidhaa ikishauzwa hairudi wala haibadilishwi. Nilitaka kupiga kelele, lakini karatasi hiyo hiyo iko kwangu, juu ya mabati, na herufi zangu ni kubwa kuliko zake. Nikamsalimia kwa heshima ya mfanyabiashara kwa mfanyabiashara, nikarudi nyumbani.

Nikaitisha baraza la familia. Jambo likishinda mtu mmoja, kwetu huitwa viti, yaani watu waje wakae walizungumze. Wakaja: mwanangu na tunda lake, mkwe na ndege wake, na mimi na mzee wangu mweusi. Tukaziweka zote tatu mezani, juu ya kitambaa cha sikukuu, na chupa ya kasiksi katikati kwa sababu pombe ya ndizi hulainisha koo. Tukabishana. Mwanangu akasema atampa mdogo wake yake mwenyewe. Tukaona ni roho nzuri, mpaka binti aliposema kwa sauti ndogo kwamba programu ile haiingii kwenye tunda pia. Kaka yake akasema basi walimu wabadilishe programu. Mkwe akasema basi walimu wabadilishe dunia. Mimi nikasema basi walimu wapewe penseli, maana majengo yote ya mji huu yenye kusimama sawasawa yalichorwa kwa penseli. Kelele zikawa kubwa mpaka jirani akachungulia kuuliza nani amefariki.

Hapo mke wangu akatoka jikoni. Ni mwanamke asiyesema mengi; anaweka akiba. Alikuwa na glasi moja mkononi. Akaimiminia kasiksi, akampa binti aishike, akasimama kando yake.

“Papa ya batoto,” akaniita, “siku ya mahari, bazee hapa kwetu banakunywaka mbele binti aulizwe?”

Nikasema hapana. Kila mtu anajua. Mahari ikija, na ng'ombe wake na katoni zake za bia, hakuna mzee anayegusa kinywaji mpaka binti asimame mbele ya familia mbili aulizwe: huyu unamjua? Tunywe, ao tusinywe?

“Bwana tunamuuliza,” akasema mke wangu. “Na mashini, mwenye atalala nayo mu vitabu myaka tano, hamumuulize?”

Mkwe akakohoa. Mimi ni baba, na desturi ni desturi, hata ikikushika shati ukiwa umekaa. Nikasimama, nikavaa koti, kwa sababu swali hilo haliulizwi na mtu wa shati tupu.

“Binti yangu. Mezani hapa kuko batatu. Unabajua?”

“Ninabajua, papa.”

“Tunywe kwa ile ya tunda?”

“Hapana, papa.”

“Tunywe kwa ile ya ndege?”

“Musinywe, papa.”

“Na hii yangu, ya uzito?”

Akatazama chini, kama msichana mwenye adabu. “Bwana yangu haiko hapa,” akasema.

Mkwe akashika kichwa. Kaka yake akaruka kwenye kiti. Na mimi, nakwambieni kweli, damu ilinipanda kama baba aliyesikia kuna bwana wa kweli.

“Iko wapi?”

“Ku ile ile duka, papa. Rafu ya pili, pembeni ya mulango. Ya madirisha. Iko na kumbukumbu ya kutosha na kadi ya michoro. Programu inaingia, nilishaona.”

“Ulishaona? Yaani munaonanaka?”

“Kila Mercredi, papa. Nikitoka ku masomo. Muuzaji ananiachaka niiguse.”

“Unaguswa—unaigusa! Kila Jumatano! Bila sisi kujua familia yake!”

“Nilitaka kukuonyesha, papa. Ulisema mugonjwa hachaguake sindano.”

Mke wangu akarudi jikoni. Nikasikia anacheka huko, na wanawake wawili wa jirani wanacheka naye, na sijui waliingia saa ngapi.

Basi, nini tena? Binti amesema. Tukanywa.

Kesho yake tukaenda tukiwa ujumbe mzima, mimi mbele, koti mwilini. Kijana wa tai alipoona mizani akarudi hatua nyuma. Nikaipima ile ya rafu ya pili kwa sababu sheria ni sheria. Nyepesi! Aibu tupu. Nikamwambia aweke na chaja. Akaweka. Nikamwambia aweke na mkoba, na kipanya, na ile kava ya kuzuia vumbi, na kalamu mbili zilizokuwa mezani. Kulabu ikaanza kushuka kidogo.

“Papa, inatosha,” binti akaninong'oneza, “unaniaibisha mbele yake.”

“Mbele ya muuzaji?”

“Mbele ya mashini.”

Nikaacha. Nikalipa. Mkwe, maskini, akanunua antivirus kwa mkono wake mwenyewe na kuitoa kama zawadi ya arusi, uso umekunjamana kama mtu aliyebadilisha kanisa.

Chumba cha kuchora kilipofunguliwa, binti yangu alikuwa ameketi kiti cha mbele, na programu ikafunguka. Sikuwepo, lakini nilisimama nje ya ukuta mpaka aliponiandikia kwenye simu neno moja: imeingia. Nikamwambia mlinzi wa lango kwamba ndani mle mna binti yangu. Akasema ndani mle mna mabinti wengi. Nikamwambia si wenye madirisha yale.

Jioni alinionyesha nyumba yake ya kwanza, inazunguka kwenye kioo kama kuku juu ya moto. Nzuri. Nikamwuliza antivol ziko wapi. Akasema somo hilo halijafika. Nikamwambia somo hilo nitafundisha mimi.

Leo mali yangu ni hii. Quincaillerie moja Kadutu, duka langu la misumari na mabati, yenye milango miwili. Nyumba moja ya matofali ya kuchoma, juu ya mteremko, na ngazi za saruji. Kiwanja kimoja Sange, kina majani. Mbuzi wanne. Koti moja la mikutano. Laptop moja ya ndege, nyeusi, inakaa dukani; nacheza nayo karata mchana, inanishinda, na wezi wawili walishaishika wakaiacha kwa uzito. Mke simwandiki hapa, maana yeye ndiye anayeniandika mimi kwake. Na ile ya madirisha pia siiandiki. Niliilipia mimi, ndiyo, lakini ina mwenyewe, na nimekatazwa kuigusa bila kunawa mikono.