Korosho Nne na Fungu la Kukosa

Darasa la pili sikulimaliza, na bado katika soko la Lindi, enzi za Mwingereza, hakuna aliyenizidi kugawa mafungu. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli. Wateja wa samaki wangu wakavu wakiadimika, nilikuwa napanga korosho mkekani, nazivuruga, nazipanga tena, ndipo nikaligundua jambo langu.

Mwaka ule masika yalikaribia, na chini ya bati la soko ilibaki nafasi moja. Tulioitaka tulikuwa watano. Msimamizi akasema tusipokubaliana kabla ya adhuhuri, atampa mtu kutoka kijiji cha Mtama. Aliyeihitaji hasa ni mama mmoja mzee wa Rutamba, muuza unga wa muhogo. Masika yaliyopita unga wake uliloa wote ukaota ukungu. Lakini nani angejitoa? Hata mimi sikujitoa.

Nikawaketisha duara. Muuza kahawa, aliyekuwa nyuma ya ukuta asikotuona, angegawa korosho nne mafungu apendavyo. Sisi tungetazama fungu kubwa lina korosho ngapi, na mafungu yenyewe ni mangapi. Korosho za fungu hilo zikizidi idadi ya mafungu, tuhesabu ile tofauti kwenda kulia kwangu. Mafungu yakizidi, kushoto. Hesabu zikiwa sawa, nafasi ni yangu.

"Ndiyo maana umeanzia kwako," akasema muuza chumvi, mmoja wetu watano, wakacheka.

Mama hakucheka. Alikaa wa pili kulia kwangu, na korosho za mkekani alishazipanga mwenyewe: zote pamoja, basi tatu kulia; tatu na moja, basi moja kulia.

"Mbili haimo, mwanangu. Umeniwekea fungu la kukosa."

"Shikamoo, mama," nikamwambia, maana kwa mkubwa hubishi hivi hivi. Akaitikia marahaba, shingo upande. Nikazitawanya korosho moja moja: mafungu manne, kubwa lina moja, basi tatu kushoto. Nikamwomba ahesabu kwa kidole. Kidole kikazunguka duara, kikamrudia mwenyewe. Nikawapangia njia zote tano, wala hakuna ya sita. Kila moja ikamfikia mtu wake. Wakakubali. Nilijua watakubali.

Muuza kahawa alipoita kwamba keshagawa, tukaenda kutazama nyuma ya ukuta. Korosho zilikuwa zimetengana, moja moja.

Mama akahamisha magunia yake. Mvua ya kwanza ikanikuta nje, nimefunika samaki kwa mkeka, namwambia kila apitaye kwamba hesabu ile ilikuwa yangu. Mama ndiye aliyechoka kunisikia.

"Leta hao samaki chini ya meza yangu," akasema. "Ila unga wangu ukinuka, wewe na korosho zako mtaijua njia ya sita."