Mlinganyo wa Mke Wangu

Mimi ni mtu wa shaka, na sioni haya kusema. Nafundisha hisabati katika shule ya upili huku Nyansiongo, na miaka kumi na minane ya kusahihisha mitihani imenionyesha kwamba jibu sahihi lisilo na njia limeibwa kwa jirani. Ubaya ni kwamba tabia hiyo niliileta nyumbani.

Mke wangu nami tunaishi na virusi vya Ukimwi. Tulipimwa siku moja, tukalia siku moja, tukaanza dawa siku moja: kidonge kimoja kila asubuhi, kutoka dirisha lile lile la kliniki. Changu nakitoa kwenye mkoba ninaobebea karatasi za wanafunzi, maana mkoba huo siuachi hata nikienda kanisani. Vyake anaviweka wapi? Sikuwahi kuuliza. Wakati ule tulikuwa tumepanga vyumba viwili Keumbu, tukipikia gesi, na kila kipimo kilisema virusi havionekani, kwake wala kwangu.

Kisha nikahamishiwa huku kwenye baridi. Mwaka haujaisha, virusi vikaonekana kwenye damu yake. Si vingi. Tukaambiwa arudie kipimo, akarudia, vikawa vimepanda. Mara ya tatu nesi alituketisha, akavua miwani.

"Mama, dawa unameza?"

"Nameza kila siku."

"Damu haidanganyi, mama. Nikikuhamishia dawa nyingine nazo uzichezee, sitakuwa na nyingi za kukupa tena."

Mke wangu alitazama mikono yake. Mimi nilimtazama yeye. Niliogopa, jamani. Nilimwona keshalazwa, nikawaona watoto wetu watatu wamevaa sare za shule kwenye mazishi. Lakini chini ya ile hofu kulikuwa na hasira, na hasira ndiyo iliyonifuata mpaka nyumbani. Mbona zangu zinafanya kazi?

Jumamosi iliyofuata nikawa nachoma takataka nyuma ya nyumba, nikaona chupa tatu za dawa zake kwenye shimo. Tupu! Tulikuwa tumezichukua Jumatano, za kutosha miezi mitatu. Vidonge tisini vimekwenda wapi kwa siku tatu? Nikajiambia, kikulacho ki nguoni mwako. Labda anavimwaga chooni. Labda kuna mhubiri amemdanganya kwamba ameponywa. Labda anamgawia mwanamume fulani huko sokoni. Nilianza kuhesabu dakika anazokaa sokoni. Alipokohoa nilimkodolea macho. Aliponiuliza kwa nini siku hizi sili, nikasema meno yananisumbua.

Mtu mwenye akili angemuuliza. Mimi nikafungua kompyuta.

Nilikuwa nasoma shahada ya uzamili wakati wa likizo, na tasnifu yangu ilihusu jambo hili hili: jinsi ya kuandika kwa hesabu vita vya mwili dhidi ya virusi vya Ukimwi. Si jambo gumu kama linavyosikika. Kuna makundi matatu: askari wazima wa damu, askari waliokwisha kutekwa, na virusi vyenyewe. Kila siku mwili huzaa askari wapya. Wengine hufa kwa umri, wengine hutekwa, na aliyetekwa hugeuzwa kiwanda cha kumzalishia adui. Kila kundi lina mlinganyo wake. Dawa ni nambari moja tu pale katikati. Ikiwa moja, imemzuia adui kabisa. Ikiwa sifuri, ni sawa na kumeza chaki.

Nikaziingiza namba za vipimo vya mke wangu bila kumwambia. Dawa nikaiwekea sifuri, hukumu niliyokuwa nimeshaiandika moyoni. Mchoro ukaruka juu ndani ya wiki chache, askari wakaporomoka. Vipimo vyake vilikuwa chini, mbali kabisa. Ala! Nikajaribu mtu anayemeza wiki hii na kuruka ile. Ukatoka mstari wa meno ya msumeno, ukagusa kipimo kimoja ukakosa vingine. Wiki mbili nzima nilihangaika, mtu mzima na ndevu zangu, nikitafuta mstari wa kumtia mke wangu hatiani. Uliopita karibu na vipimo vyote ulikuwa mmoja tu: wa mtu anayemeza kila siku bila kukosa, ila dawa yenyewe inazidi kuishiwa nguvu.

Nikampigia simu msimamizi wangu wa chuo, nikijifanya namzungumzia mgonjwa fulani. Akaguna.

"Namba ni chache, mwalimu. Hazimfungi mtu wala hazimwachilii. Huenda virusi vimeizoea dawa. Huyo mgonjwa umemuuliza mwenyewe?"

Nilikata simu nikaenda jikoni. Jiko letu liko nje, la kuni, na mwanamume wa Kigusii hana shughuli ndani yake, sembuse kupekua dari ya mkewe. Alikuwa anasonga ugali.

"Dawa zako unaziweka wapi?"

Hakushtuka. Alifuta mikono kwenye leso, akapanda kwenye kigoda, akanyoosha mkono juu ya moto, kwenye irongo, dari ile ya jikoni ambako mama zetu wote huweka mbegu ya wimbi ikauke kwa moshi. Akashusha kibuyu kidogo kilichozibwa kwa gunzi.

"Chupa iliandikwa tuweke pakavu," akasema. "Nyumba hii kuta zinatoa jasho, nguo zinaota ukungu kabatini. Hapa ndipo pakavu. Chupa nazitupa shimoni zichomwe kwa sababu majirani wanazijua ni za nini."

Nilimimina vidonge kiganjani. Vilikuwa vimegeuka rangi, vingine vimepasuka, vingine vimegandana kwa joto na mvuke wa sufuria. Alikuwa amevitunza kama mbegu, na ndivyo vilivyoharibika. Nikakaa chini pale pale kwenye kuni, nikamwambia yote: zile chupa, mhubiri, mwanamume wa sokoni, kompyuta. Nikamwambia kwa furaha kabisa, mjinga mimi, kwamba milinganyo imemsafisha.

Alinitazama mpaka ugali ukaanza kuungua.

"Na kama ingesema vingine?"



Nesi alipokiona kibuyu alimwomba radhi, akampa chupa mpya na kumwonya asizihamishe tena. Vipimo viwili vilivyofuata vilishuka. Cha mwisho kilisema virusi havionekani. Nilitokwa na machozi pale kwenye benchi. Yeye alikunja karatasi, akasema twende, mvua inakuja.

Lakini tangu siku ile ya jikoni, kila asubuhi huja na chupa yake mezani ninapokunywa chai. Hutoa kidonge, hukiweka kwenye ulimi, humeza. Kisha hunisogelea, hupanua mdomo, huinua ulimi nione kwamba chini hamna kitu. Nimemsihi aache. Nimepiga magoti, mbele ya watoto. Hunisubiri nitazame, ndipo afunge mdomo akawafunge watoto vifungo vya sare.