Zamu ya Badriya

Ukifika Mbagala Kizuiani ukamuulizia Mwanaasha binti Mwinshehe, utazungushwa mpaka jua lichwe. Ulizia kwa Bi Foleni, hata mtoto wa chekechea atakushika mkono akufikishe mlangoni. Jina hilo hakujipa mwenyewe, wala halipendi, lakini ndiyo keshabandikwa.

Alilipatia bombani. Miaka ile maji yalikuja kwa kudra za Mungu, bomba moja mitaa mitatu, na wanawake walichota kwa kusukumana viwiko. Siku moja mwanamke mmoja akapasuliwa paji la uso kwa ndoo ya bati, damu ikamwagikia kwenye maji aliyoyahangaikia tangu alfajiri. Mwanaasha alikuwa bado kijana, mwali wa juzijuzi. Akaweka ndoo yake chini, akaanza kupanga na za wenzake, moja nyuma ya nyingine. Hakuna aliyemtuma. Akasema kuanzia leo ndoo ni mtu. Ukishaiweka, nenda kapike, nenda kanyonyeshe, ndoo imekaa badala yako, na atakayeigusa ataniona mie.

Walimjaribu, usiombe. Wakaja na kila hadithi: nina mgonjwa, nina mgeni, nina mtoto analia ndani. Jibu lake lilikuwa hilohilo. "Kila mtu hapa ana lake nyumbani. Nikimpitisha mmoja leo, kesho nyote mna wagonjwa." Alikuwa mkali, tena ukali wa kuudhi, lakini hakuna aliyepasuliwa tena. Mzee Adelard, jirani yao, alifariki ghafla asubuhi moja ndoo yake ikiwa kwenye foleni, na wapo waliotaka kuisogeza pembeni. Mwanaasha akaikalia. Zamu ilipofika akaijaza, akajitwika, akaipeleka msibani, na chai ya kwanza ya msiba ule ilipikwa kwa maji ya marehemu mwenyewe. Watu wa Kizuiani mpaka leo wakitaka kukueleza mwanamke yule ni wa namna gani, huanzia hapo.

Na Badriya naye aliingia maishani mwake kwa foleni hiyohiyo. Mashaka, mume wa Mwanaasha, alikwenda akaoa mke wa pili, binti wa Kiarabu ambaye kwao wana duka Sinza. Ndugu za binti walisusa ndoa ile, hakuna aliyetia mguu. Mashaka akamleta nyumba ileile, akampa chumba cha uani, na asubuhi ya kwanza bibi harusi akaja bombani na ndoo mpya ya bluu, macho chini. Wote walikuwa wanasubiri ndoo ile ipigwe teke, na wengine walishasogea ili waone vizuri. Mwanaasha alimtazama mke mwenzake, akaitazama ndoo. Ndoo za wenzake zilipokuwa zikisogea, na ile ya bluu akaisogeza, mpaka zamu yake ikafika ikajazwa.

"Sikukupenda," alimwambia miaka mingi baadaye, wanachambua mchele. "Lakini ndoo haikuwa na kosa."

Badriya alicheka mpaka akashika mbavu.

Mashaka alipofariki, watu walidhani kila mmoja atashika njia yake. Wakabaki palepale. Badriya hakujaliwa mtoto, na watoto wa Mwanaasha walishaolewa mbali, kwa hiyo nyumba ikawa ya wawili. Walinuniana kwa sababu ya chumvi, wakapatana kwa sababu ya sukari. Mmoja akiumwa mwenzake analala kwenye mkeka kando ya kitanda chake. Ukiwaona wanavyotaniana ungedhani ni watoto wa tumbo moja, na usingekuwa umekosea sana.

Kisha moyo wa Badriya ukaanza kumsumbua. Daktari alisema umetanuka. Akamkataza chumvi, akamkataza kubeba, akamkataza ngazi. Miguu ikawa inamvimba, viatu vyote vikamkataa isipokuwa ndala zake za bluu, moja kamba yake imeshikizwa kwa waya. Mwanaasha ndiye aliyekwenda naye kliniki kila mara, akamshikia foleni ya kadi, ya vipimo na ya dawa, na Badriya akawa anakaa kwenye benchi mpaka aitwe.

Mwaka huu ndipo ikafunguliwa ile bembea mpya kule Mbezi Beach, ile duara kubwa ya chuma yenye vibanda, inayopanda taratibu mpaka juu ya minazi halafu inashuka. Mji mzima ulikuwa hauna habari nyingine. Kama hujapiga picha ukiwa kule juu, basi hata Idi hukuila. Badriya aliiona kwenye simu ya Walid, mtoto wa kaka yake, ambaye ndiye pekee kwao aliyekuwa akimtembelea. Akaishika simu ile muda mrefu kuliko kawaida yake.

"Mie nataka kupanda hii," alisema.

Mwanaasha akasonya. "Umri huu? Ukazungushwe hewani kama feni?"

"Da Mwana, mie ghorofa niliyoijua maishani ni ya hospitali tu. Nataka niende juu siku moja pasiwe na mtu wa kunipima."

"Daktari si kakukataza kupanda?"

"Kanikataza ngazi. Hii haina ngazi. Unakaa, inakupandisha yenyewe."

Mwanaasha alitaka kujibu, lakini macho yakaangukia miguu ya mwenzake, imevimba mpaka ngozi inang'aa. Akajua, kama mtu anavyojua bila kuambiwa, kwamba Idi nyingine haina ahadi. Akasema basi, Idi Pili tutakwenda.

Walid akawapeleka kwa gari lake. Badriya alivaa baibui jipya, akajitia udi, na chini akavaa zilezile ndala. Walipofika, foleni ilikuwa imetoka kwenye lango la bembea ikapinda, ikapita wauza barafu, ikarudi tena. Jua linachoma. Badriya alisimama kidogo tu, midomo ikaanza kubadilika rangi.

"Kakae kivulini na Walid," Mwanaasha akamwambia. "Niachie ndala zako."

Akazipanga chini mbele ya miguu yake, sambamba. Foleni ikisogea anazisogeza. Kijana mmoja nyuma yake hakuelewa.

"Bi mkubwa, hizo vipi?"

"Huyo ni mwenzangu. Yupo kivulini."

Yule kijana akaguna, na maneno yakapanda mbele mpaka yakamfikia Benedikto, msimamizi wa bembea, kijana mrefu mwenye shati la njano. Akaja, akaziangalia ndala.

"Shikamoo mama. Hapa mtu anasimama mwenyewe. Viatu havipandi."

"Marahaba baba. Akifika mbele atapanda mwenyewe. Hizi zinamshikia tu."

"Utaratibu hauruhusu."

Hapo akadakia mwanamama wa mbele yao, jina lake Huda, mtu wa Temeke, ana watoto wawili wamemning'inia. "We kaka, kwenu hamjawahi kuchota maji ya bomba? Mie nimekulia kwenye foleni za ndoo. Zamu ni zamu, hata mwenyewe akiwa chooni." Watu wakacheka, na waliokulia bombani wakaunga mkono, na walikuwa wengi kuliko Benedikto alivyodhani. Akainua mikono. Zikae, akasema, ila akifika langoni awepo.

Huda akageuka akatazama kule kivulini. Akamwona Badriya amejiegemeza kwa Walid, anajipepea kwa ncha ya mtandio. Uso wake ukabadilika.

"Da mkubwa, yule ni mgonjwa."

"Moyo unamsumbua."

"Sasa si mpite mbele? Hakuna atakayekataa. Jamani, kuna mgonjwa hapa, wapite?"

Na kweli, hakuna aliyekataa. Watu walianza kujibana, njia ikafunguka pembeni mwa foleni mpaka langoni kabisa. Hata yule kijana aliyeguna alisogea. Ilikuwa ni kuokota ndala na kwenda.

Mwanaasha aliiona njia ile. Akawaona na watu wote waliowahi kumwambia nina mgonjwa, akawarudisha nyuma mmoja mmoja, miaka yote ile. Angewaambia nini?

"Hapana," akasema. "Nawashukuru sana. Tutafika. Kila mtu hapa ana lake."

Alitazama kivulini. Badriya alikuwa amesikia. Aliinua mkono kidogo, kama mtu anayesema nipo, nasubiri.

Foleni ilikwenda. Ilipokaribia langoni, Walid akamleta shangazi yake, Badriya akavaa ndala zake, yeye na Mwanaasha wakasimama bega kwa bega. Mbele yao walikuwa wamebaki Huda na wanawe. Badriya aliinua uso akakiangalia kibanda cha juu kabisa, mdomo wazi, na kwa mara ya kwanza tangu augue hakuonekana kama mtu anayeumwa. Akamshika Mwanaasha mkono. "Nitakaa upande wa baharini," alisema. "Wewe kaa huko kwenye vumbi lako."

Umeme ukakatika.

Bembea ikasimama na watu juu. Jenereta likawashwa, likatosha kuwashusha wale waliokuwa hewani, kibanda kimoja kimoja, halafu Benedikto akapita kwa sauti ya kuchoka kuwaambia watu leo basi, njooni siku nyingine. Huda aliwatazama wale wanawake wawili, akakishika kichwa cha mwanawe.

Garini, walipokwisha kufika mbali, Mwanaasha alimgeukia mwenzake.

"Badriya, nisamehe."

"Kwa lipi? Umenifikisha mpaka langoni. Ungenipitisha mbele ningejiuliza huyu mwanamke ni nani." Akafumba macho, akaegemea kiti. "Ila siku nyingine, Da Mwana, tuwahi mapema."

Siku nyingine haikuwepo. Kabla mwezi haujaandama tena, Badriya aliomba maji ya kunywa asubuhi, na Mwanaasha aliporudi na kikombe hakukuta wa kumpa. Alimkosha mwenyewe na wanawake wa mtaa. Ndugu wa Sinza walikuja wote safari hii, wakajaa uani, wakalia. Mwanaasha hakulia. Aliwapangia watu sahani, akapanga zamu ya kuosha vyombo, akawa mkali kuliko siku zote, na wanaomjua wakaogopa zaidi kuliko kama angejigaragaza.

Baada ya khitma ya arobaini nguo za marehemu ziligawiwa. Baibui lile jipya lilikwenda, na mitandio, na udi uliobaki. Binti wa jirani alipoinama kuokota ndala za bluu, Mwanaasha akamwambia hizo ziache.

Kesho yake akaondoka peke yake, bila kumuaga mtu. Haikuwa sikukuu, lakini foleni ya bembea ilikuwepo. Akaenda mwisho kabisa, akazitoa ndala kwenye mfuko, akazipanga mbele ya miguu yake. Akawa anazisogeza. Safari hii aliyeuliza alikuwa msichana mmoja mpole, na Mwanaasha akamjibu kwamba ni za mwenzake. "Yuko wapi, bibi?" Mwanaasha akatikisa kichwa tu. Msichana akazitazama zile ndala, ile ya waya, na tangu hapo kila foleni iliposogea akawa anachungulia zisije zikakanyagwa.

Benedikto alimtambua alipofika langoni.

"Shikamoo mama. Mko wangapi?"

"Marahaba. Wawili."

Benedikto akaangaza macho kivulini, kwenye mabenchi, mpaka kwa wauza barafu. Halafu akaziona ndala mikononi mwa Mwanaasha na jinsi alivyozishika. Alikuwa kijana wa kazi, ana watu wanaosubiri na bosi anayemwangalia. Akafungua kibanda, akamsaidia Mwanaasha kuingia, kisha akazipokea zile ndala akaziweka kwenye kiti cha pili, zote mbili, na kile chuma cha kuzuia watu akakishusha hadi juu ya ndala hizo. "Upande huu ndio wa baharini," alisema.

Bembea ikapanda. Mwanaasha hakuwa mtu wa vitu virefu, akaishika nguzo kwa nguvu. Walipofika juu kabisa ikasimama ili wengine wapakiwe chini. Upepo ukawa mwingi. Bahari ilikuwepo, kubwa kama ilivyo, na mji wote, mabati na miti, lakini yeye alitazama chini, kwa mazoea, kuangalia kama foleni inakwenda sawa. Akaiona. Ile foleni iliyompinda mgongo, iliyotoka langoni ikapinda ikarudi, kutoka huku juu ilikuwa kauzi tu. Akanyoosha kidole, kikaifunika yote. Kutoka pale aliposimama siku ile na ndala hadi langoni palikuwa hapajai hata ukucha.

Ndipo akalia. Alilia kwa sauti, kilio alichokiweka tangu asubuhi ile ya kikombe, huku mkono mmoja umezishika ndala zisije zikapeperuka.

"Ningekupitisha, Badriya," alisema. "Walinipa njia. Wallahi ningekupitisha."

Bembea iliposhuka Benedikto akamfungulia, akamshika kiwiko mpaka nje. Mwanaasha akajifuta uso kwa ncha ya khanga, akatembea kando ya foleni, ndala kifuani, mpaka akafika mwishoni. Pale alisimama baba mmoja na mama yake, bibi kizee aliyemkalisha kwenye kiti cha plastiki, ndio kwanza wamefika, yule baba anapima kwa macho safari iliyo mbele yao. Baba yule akamwamkia Mwanaasha.

"Mama, foleni inakwendaje?"

Swali hilo Bi Foleni ameulizwa maisha yake yote, na jibu lake siku zote lilikuwa moja, kwamba inakwenda, subiri zamu yako. Akamtazama yule bibi, akaitazama miguu yake.

"Usisimame hapa, mwanangu," alisema. "Mbebe mzazi wako. Nifuateni, nawapeleka mbele."