Majani Yakigeuka Manjano

Pale Igombe, ukitaka kutukanwa asubuhi asubuhi, mwambie Odeta ndege ni wazuri. Kazi yake ni kuanika dagaa mchangani, na kwa mwanika dagaa ndege ni mwizi tu, hana jina lingine. Korongo anatua huku, kunguru anatua kule, wewe na mawe yako mkononi kutwa nzima mpaka bega linawaka moto.

Sasa mtu huyo huyo akampenda Mashimba, fundi wa injini za mitumbwi, ambaye kwa ndege alikuwa hajiwezi. Kiangazi cha mwaka jana Mashimba akampeleka kisiwa cha Saanane. Majani yalikuwa yamegeuka manjano, yanadondokea mawe, na kwenye matawi yaliyobaki wazi furukombe wawili, wale tai wala samaki, walionekana kama umetengewa mezani. Mashimba akamwambia hao hawaachani mpaka kufa. Akaahidi kwamba majani yakigeuka tena, popote atakapokuwa, atarudi waje tena wote wawili. Kisha akavuka ziwa pale Busisi kwenda kutafuta dhahabu huko Geita. Mwanzoni alipiga simu. Halafu simu ikawa haipatikani. Mwanaume gani huyo! Lakini jaribu kumwambia Odeta hivyo uone.

Juzi Jumapili, majani yamegeuka tena, Odeta akawaachia wenzake dagaa, akavaa gauni la kanisani, akapanda boti ya Saanane. Yakobo, anayetembeza wageni kisiwani, akamuuliza kama yuko peke yake.

"Tuko wawili," Odeta akasema. "Mwenzangu yuko nyuma."

Wakakaa na wageni wengine kuwatazama furukombe wawili juu ya tawi. Mara mmoja akashuka kuelekea majini, kucha mbele. Odeta hakuwaza. Mkono uliokota jiwe wenyewe, ukarusha, na mdomo ukatoa ule ukelele wa Igombe wa kufukuzia kunguru. Yule ndege akatoroka. Mama mmoja mwenye darubini akasonya.

"Dada, hawa wamekukosea nini?" Yakobo akauliza.

Odeta akaeleza habari za dagaa, wageni wakacheka, naye akacheka mpaka machozi yakamtoka. Wageni wakamaliza kucheka, machozi yake hayakuisha. Furukombe mmoja alikuwa amebaki juu ya tawi, analia. Odeta akauliza kama yule mwingine atarudi. Yakobo akamjibu kiota chao kiko hapo, ataenda wapi.

Kila boti iliyoleta watu, Odeta aliinuka kuangalia sura. Ya mwisho ikaja tupu, kuwachukua wao.

"Haya dada, tunafunga," Yakobo akasema.

"Haya majani yanaisha lini?"

"Mvua ikianza tu. Wiki mbili tatu hivi."

Odeta akatazama juu. Matawi ya kileleni yalikuwa bado na majani, manjano tupu, yanatingishwa na upepo wa ziwa.

"Bado yapo mengi," akasema. "Nitakuja Jumapili."