Samaki wa Chini ya Mkokoteni

Siku niliyoanza kazi bwawani tulikuwa watu sita ukingoni: Mzee Ndiema, Mwangalizi Mkuu wa bwawa, Meneja wa shamba, aliyekuja kwa pikipiki na hakuzima injini, Wanyonyi, karani wa klabu ya wavuvi, Barasa, fundi wa boti, Mama Cheptoo wa jikoni, akiwa na birika la chai mkononi, na mimi, Nasimiyu, binti wa Kanduyi, nimevaa sweta ya marehemu mama na gambuti za kuazima. Nawataja wote kwa sababu vijana wanaokuja kuniuliza siku hizi jinsi ya kumpata bass mkubwa hudhani mtu hujifunza peke yake na fimbo yake. Mimi sikujifunza peke yangu hata siku moja.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Bwawa lilikuwa ndani ya shamba la mahindi nje ya Kitale, upande wa Mlima Elgon. Walowezi waliolima hapo zamani walilichimba kwa ajili ya kunywesha ng'ombe, kisha wakatia samaki aina ya bass, ambaye si wa kwetu. Ana mgongo wa kijani, mstari mweusi ubavuni, na mdomo mpana unaoishia nyuma ya jicho. Hashughuliki na vipande vya ugali kama tilapia. Yeye hula kinachotembea: chura, kereng'ende, vifaranga vya tilapia, hata panya akianguka majini. Wanachama wa klabu walitoka Eldoret na Nairobi kuja kumtafuta, na hawakumla. Walimpima, wakampiga picha, wakamrudisha. Hawakushindana wao kwa wao. Kila mtu alishindana na samaki wake mwenyewe wa zamani, yule mkubwa kuliko wote, ambaye uzito wake uliandikwa kwenye ubao wa rekodi pale barazani. Niliona daktari mzima akisimama mbele ya ubao ule kama mtoto anayetazama duka la peremende.

Meneja aliniuliza nimesoma hadi wapi. Nikasema darasa la saba, kisha baba akafariki, halafu mama, na mimi ndiye kifungua mimba. Hakuuliza zaidi. Alisema nitaanza kama kibarua wa ukingo. Kazi ya kudumu ilikuwa ya mwongozaji, yaani yule anayepiga makasia na kumwonyesha mgeni pa kutupia chambo, na mwongozaji hupewa nyumba ya vyumba viwili. Hapo ndipo masikio yangu yalisimama. Ndugu zangu watatu walikuwa wametawanyika. Wekesa alikuwa kwa mjomba Suam, akibeba mizigo ya biashara ya mpakani. Nanjala na kitinda mimba wetu Wafula walikuwa kwa shangazi Kanduyi, wakilala jikoni. Vyumba viwili vingetutosha sote wanne.

"Kuna sharti," Mzee Ndiema akasema. "Hapa humpeleki mgeni kwa samaki ambaye wewe mwenyewe hujakutana naye. Nitolee bass wa kilo mbili kwa mkono wako. Siku hiyo nakupa ufunguo."

Barasa alicheka hadi akashika ukingo wa boti. Alisema ati yeye amekaa hapo tangu ndevu zikiwa nyeusi na samaki wake mkubwa ni wa kilo moja na nusu, ndiyo sababu hadi leo anaziba matundu ya boti.

Mzee Ndiema alikuwa Msabaoti wa mlimani, mrefu, mpole, mwenye rekodi ya kilo tatu na robo iliyokaa ubaoni miaka mingi bila kuguswa, hata na yeye mwenyewe. Alinifundisha saa za mapumziko. Kwanza kutupa mshipi: si nguvu ya bega bali ya kifundo cha mkono, na chambo kitue majini kama jani, si kama jiwe. Kisha chambo chenyewe. Tulitumia sana mnyoo wa mpira, laini, wenye ndoano iliyofichwa ndani yake ili isinase kwenye majani. Ukiutupa, unauacha uzame polepole hadi mshipi ulegee. Unauvuta kidogo, unaupumzisha. Wageni wengi walishindwa hapo pa kupumzisha. Bass mdogo hukimbiza chambo, lakini mkubwa ni mvivu. Hungoja chakula kipite mbele ya mlango wake. Ukiwa na haraka, utavua watoto wake tu.

Niliyashika hayo yote, lakini mlango wa bass ni nini sikuwa nimeelewa. Ndipo likaja jambo la usafi.

Mwenyekiti wa klabu alikuwa anakuja kukagua. Mzee Ndiema alikuwa likizo kwake, na Meneja akaamuru bwawa lisafishwe. Sasa, mimi nilikulia kwenye boma ambalo lisipofagiliwa kabla ya jua kuchomoza, wageni wanapita mbali. Niliingia kazini kwa moyo wote. Tuling'oa matete na mayungiyungi. Tulifunga ng'ombe wa kulimia, tukavuta magogo yote yaliyokuwa yamelala majini tangu enzi za walowezi. Mama Cheptoo alituletea chai na kutuimbia. Tulipomaliza, maji yaling'aa kama kioo, na Mwenyekiti akasema hajawahi kuona bwawa nadhifu namna ile. Nilipewa mkono mbele ya watu.

Wikendi iliyofuata wageni hawakupata kitu. Iliyofuata vilevile. Mzee Ndiema aliporudi alikaa juu ya boti iliyopinduliwa ukingoni, akaanza kucheka bila sauti, mabega yakitikisika.

"Nasimiyu, mama," alisema, "umefagia hadi vitanda vyao."

Ndipo akanieleza. Bass ni mviziaji. Huishi kwenye kivuli: chini ya gogo, kando ya matete, chini ya jani pana la yungiyungi. Pale ndipo mlango wake. Tulipoliacha bwawa uchi, wale wakubwa walihamia katikati, kwenye kina, wakakaa huko bila raha wala hamu ya kula. Nilitaka ardhi inimeze. Mzee akasema ardhi iniache kwanza, kuna kazi.

Basi tukawajengea upya. Tulikata matawi ya msaipresi, tukayafunga mawe, tukayazamisha. Magogo yakarudi majini kwa ng'ombe walewale, na nadhani hata wao walitushangaa. Meneja, ambaye hakuwahi kusema kwamba amri ilikuwa yake, alitoa mkokoteni mkubwa uliovunjika ekseli. Tuliubeba kwa boti mbili hadi mahali ambapo kina kinaanza kushuka, tukauzamisha. Barasa alilalamika kwamba bass sasa wana samani nzuri kuliko za kwake.

Ilibidi kungoja wakubwa warudi vivulini. Na wakati nikingoja, habari ilikuja kutoka Kanduyi kwamba mtoto wa shangazi anaoa, na jikoni panahitajika. Nanjala na Wafula wangekaa hadi shule zifunguliwe, basi. Shangazi hakuwa mbaya. Nyumba yake ilikuwa imejaa tu. Mjomba naye alishasema Suam hawezi kuongeza mdomo mwingine. Nilianza kuvua kila asubuhi kabla ya kazi, na kila asubuhi nilipata wa nusu kilo, wa robo tatu, siku moja wa kilo na robo, nikamrudisha kwa hasira. Nilikuwa navuta haraka. Niliona ufunguo badala ya mshipi.

Mvua za kwanza zilinyesha. Asubuhi iliyofuata nilimkuta Mzee Ndiema ameketi ndani ya boti, upande wa makasia. Mwangalizi Mkuu hakuwa mtu wa kupiga makasia. Nilisimama nikimwangalia.

"Ingia," akasema. "Leo mimi ni kibarua."

Vijana, hii ndiyo sehemu mnayoiuliza, kwa hiyo nitaieleza taratibu. Asubuhi baada ya mvua ya kwanza ni nzuri kwa sababu maji yanayoingia bwawani huleta wadudu na nyungunyungu, tilapia wadogo hufuata chakula, na bass hufuata tilapia. Ukungu ulikuwa chini, upepo haujaamka. Mzee alipiga kasia bila kuligonga kwenye ubavu wa boti, maana bass husikia kwa mwili mzima. Alisimamisha boti mbali na mkokoteni, mbali kuliko nilivyotaka. Nikatupa mnyoo ukapita mkokoteni, si juu yake. Ukitupa juu ya kichwa cha bass utamshtua. Unatupa mbele, unauleta mlangoni.

Uliposhuka, niliacha. Mzee alianza kunihadithia mambo ya shamba lake la kahawa, nami nikamsikiliza. Baadaye nilielewa kwamba alikuwa akinipa kazi ya kufanya mbali na mkono wangu. Mshipi ulilegea. Nikavuta kidogo, nikapumzisha. Aliendelea na kahawa. Kisha nikaona mshipi unatembea kando, polepole, kama mtu anayejivutia blanketi usingizini.

Nilihesabu pumzi moja, nikakaza. Fimbo ilijikunja hadi mpini. Samaki aliruka mara moja, mdomo wazi, akitikisa kichwa kutema ndoano, nami nikashusha ncha ya fimbo chini karibu na maji ili mshipi usilegee. Alirudi kuelekea mkokoteni, na huko angeukata mshipi kwenye vyuma. Mzee alipiga makasia kinyume, kwa nguvu ambazo sikujua anazo, akatuvuta sote watatu hadi maji wazi. Wavu wa mkono ulipomwinua, Mzee alikuwa anahema kuliko samaki.

Wanyonyi karani alishika mizani barazani. Kilo tatu kasorobo. Aliandika jina langu kwenye ubao kwa chaki nyeupe, Mama Cheptoo akapiga kigelegele, na Barasa akauliza kama samaki huyo amelipia kodi ya mkokoteni. Tukambeba kwenye karai la maji, tukamrudisha. Nami nilipogeuka, Mzee Ndiema alikuwa amenyoosha mkono, ufunguo umelala kiganjani.

Kisha akanieleza desturi ya bwawa lile, ambayo wageni hawakuijua, ilikuwa yetu wafanyakazi. Aliyekupigia makasia ukapata rekodi yako, anakudai: anakudai asubuhi moja. Utampigia makasia hadi naye avunje rekodi yake, na isipopimwa kwenye mizani haihesabiki. Rekodi yake ilikuwa kilo tatu na robo. Nikamwambia nitalipa kabla ya Krismasi. Alitabasamu tu.

Ndugu zangu walifika kabla ya shule kufunguliwa. Wekesa alishuka na gunia la viazi kutoka Suam, Nanjala na Wafula na godoro moja lililokunjwa. Usiku ule tulilala sote wanne katika chumba kimoja, ingawa kulikuwa na viwili.

Nilifanya kazi ya mwongozaji miaka mingi. Katikati ya miaka ile klabu ilinipeleka Bungoma, kwenye bwawa jipya lililochimbwa mbele kidogo ya Kanduyi, nipandikize bass na kufundisha waongozaji. Huko msimamizi wangu alikuwa Afisa wa Uvuvi, mtu wa viatu vyeupe asiyeogopa matope. Alinifundisha kwamba bass bila tilapia wa kutosha hudumaa, wanabaki na kichwa kikubwa na mwili wa fimbo, hivyo tuliwangoja tilapia wazaane kwanza. Kazi ngumu zaidi ilikuwa watu. Jirani mmoja aliniona nikimrudisha majini samaki wa kilo mbili, akashuka kwenye baiskeli.

"Dada," akasema, "si ungeniuliza kwanza? Mimi nina sufuria."

Nilimweleza kwamba yule mkubwa akirudi atazaa wakubwa, na tilapia wa kupika wamejaa upande ule mwingine. Alifikiri, akasema basi huyo ni kama fahali wa kijiji. Tangu siku hiyo yeye ndiye aliyelilinda bwawa kuliko askari wetu.

Nilirudi Kitale kumaliza kazi, na nilipofika Mzee Ndiema alikuwa amekwisha kustaafu na kuhamia Suam. Nikachukua cheo chake. Sasa nami nimestaafu. Wekesa ana duka lake mpakani, Nanjala ni muuguzi, Wafula anafundisha, na wote watatu wanajua kupiga makasia bila kugonga ubavu wa boti. Sina cha kulalamikia. Kuna watu waliopata samaki mkubwa na kukaa peke yao barazani wakimtazama kwenye ubao. Mimi samaki wangu alinipa meza yenye viti vinne.

Ila kuna ile asubuhi. Niliahidi Krismasi, na Krismasi zimepita nyingi. Tangu Mzee Ndiema astaafu, kila mvua za kwanza nimekuwa nikimfuata Suam, namleta bwawani, namwekea mto kwenye kiti cha boti, napiga makasia. Amepata wa kilo mbili, wa mbili na nusu. Wa kupita tatu na robo alikuwa mgumu.

Mwaka huu tulimpata. Nilimwona alipofika kwenye wavu, na nimeshika bass wengi mno kwa mikono hii hata siwezi kukosea. Huyo alikuwa amepita kilo tatu na robo, tena kwa mbali. Niligeuka kuchukua mizani nyuma yangu. Nikasikia maji yakisema chubwi. Nilipotazama, wavu ulikuwa mtupu na Mzee alikuwa anajifuta mikono kwa kofia.

"Mzee, hatujapima."

"Alikuwa mdogo," akasema.

"Mzee!"

"Mdogo, nakwambia. Piga makasia, chai inapoa. Utanifuata tena mvua zijazo."

Nikapiga makasia. Yeye akaanza mambo ya kahawa. Mizani ilikuwa mapajani mwangu njia nzima, kavu, na mimi bado nadaiwa.